Brugge au Gent: ulale wapi ukifuata muziki na sanaa za Flandria

Mtu anayekuja Ubelgiji kwa siku chache, mwenye sikio la muziki au jicho la michoro, haachi kuuliza: niende Brugge au Gent? Majibu anayopewa mara nyingi ni ya picha za simu. Brugge inapendeza zaidi, basi nenda Brugge. Kwa mtu wa matembezi tu jibu hilo linatosha. Kwa aliyefuata muziki halitoshi hata kidogo, maana uzuri wa mji saa sita mchana hauelezi kinachopigwa humo saa mbili usiku.

Treni kati ya miji hii miwili huchukua kama dakika 25, na ziko nyingi kutwa nzima. Hilo ndilo linalogeuza swali lote. Michoro haiondoki ukutani. Unaweza kulala Gent, asubuhi ukaenda kuitazama ya Brugge na jioni ukawa umesharudi, au ukafanya kinyume chake. Muziki ndio usiokusubiri. Tamasha likiisha karibu saa nne na nusu za usiku, na watu wakabaki barazani wakizungumzia walichosikia, hutaki kuwa yule anayechungulia saa na kukimbilia stesheni. Ndiyo maana wanaoniuliza huwaambia waache kuchagua mji wa kutembelea, wachague mji wa kulala. Kwa wengi mji huo ni Gent. Kwa wachache ni Brugge, na hao wachache wana sababu nzito.

Kwa nini miji jirani ikatofautiana hivi

Katika karne ya 15 Brugge ilikuwa moja ya miji tajiri ya Ulaya. Wafanyabiashara kutoka Italia, Hispania na Ujerumani walikuwa na nyumba zao humo, na wenye fedha ndio wanaoagiza michoro. Kisha mkondo wa Zwin, njia ya meli kuelekea baharini, ukajaa mchanga, siasa zikaharibika, na biashara ikahamia Antwerpen. Mji ukafukarika. Ufukara huo ndio uliouhifadhi, kwani hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Leo Brugge ina wakazi kama 120,000, lakini katikati ya mji wa kale, sehemu ambayo wenyeji huiita "yai" kwa umbo lake kwenye ramani, wanaishi kama 20,000 tu. Wageni wa mchana wanawazidi mbali. Jioni mabasi yao yakiondoka, mitaa inanyamaza.

Gent ilikuwa na bahati nyingine. Ilikuwa mji wa vitambaa tangu enzi za kati, ikawa mji wa viwanda vya pamba katika karne ya 19, ikapata chuo kikuu mwaka 1817 na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu. Wakazi wake wanapita 260,000, wanafunzi ni makumi ya maelfu, na mji una tabia ya ubishi. Mwaka 1540 Mfalme Karoli wa Tano, ambaye alizaliwa humo humo, aliwaadhibu kwa kukataa kulipa kodi: wakuu wa mji walitembezwa wakiwa na kamba za kunyongea shingoni. Watu wa Gent wameigeuza aibu hiyo kuwa fahari, na mpaka leo utaona kitanzi kikivaliwa shingoni siku za sherehe. Mji wa namna hiyo ndio uliojaa kumbi, baa na majukwaa.

Michoro: Brugge ina mingi, Gent ina mmoja

Ukihesabu kazi kubwa za karne ya 15 unazoweza kuzifikia kwa miguu, Brugge inashinda bila ubishi. Makumbusho ya Groeninge si makubwa, saa mbili zinayatosha, lakini ndani yake wamo Jan van Eyck, Hans Memling, Gerard David na Hieronymus Bosch. Usipite haraka mbele ya mchoro wa Van Eyck wa Bikira Maria na kanoni Joris van der Paele, uliomalizika mwaka 1436. Mzee kapiga magoti, miwani mkononi, mishipa imemtoka kwenye panja, ngozi ya shingo imelegea. Ndiye aliyelipa, na bado hakuna uzee wake uliofichwa. Upande wa kulia amesimama Mtakatifu George akiwa na deraya inayong'aa. Tazama ngao yake: mna umbo dogo la mtu lililoakisiwa, na wataalamu wengi wanaamini huyo ni mchoraji mwenyewe akiwa kazini.

Chumba kingine kina kazi ya Gerard David ya mwaka 1498, hakimu mla rushwa akichunwa ngozi akiwa hai. Iliagizwa kwa ajili ya chumba walimokaa waamuzi wa mji, ili waione kila wanapotoa hukumu. Wenye watoto wapite upesi. Wenye madaraka wakae kidogo.

Hospitali ya zamani ya Sint-Jan nayo ina jambo ambalo makumbusho machache duniani yanalo, yaani michoro ya Memling iliyotengenezwa kwa ajili ya jengo hilo hilo na ambayo bado imo humo. Kisanduku cha masalio ya Mtakatifu Ursula cha mwaka 1489 kina umbo la kanisa dogo lililopambwa pande zote, na ni lazima ukizunguke kama unayesoma kitabu. Ng'ambo ya barabara, katika Kanisa la Mama Yetu, kuna sanamu ya marumaru ya Bikira na Mtoto ya Michelangelo, moja ya kazi zake chache zilizotoka Italia yeye mwenyewe akiwa hai.

Gent kwa upande wake ina altare ya Mwanakondoo wa Fumbo, yaani seti ya paneli za mbao zilizochorwa kwa ajili ya altare, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo, iliyoanzwa na Hubert van Eyck na kumalizwa na Jan mdogo wake mwaka 1432. Kwa mpenda muziki hii ndiyo picha ya kwanza ya kuitafuta katika Flandria nzima, eneo la kaskazini mwa Ubelgiji ilimo miji hii, kwa sababu ya paneli mbili za safu ya juu. Kushoto malaika wanaimba mbele ya kitabu cha nota. Kulia wenzao wanapiga kinanda cha mabomba, kinubi na fidla. Wale waimbaji hawana nyuso tulivu za malaika wa kadi za Krismasi. Mmoja kakunja kipaji, mwingine kavuta mdomo pembeni, mwingine kashusha kidevu ili apate sauti ya chini. Tangu zamani watazamaji wamesema unaweza kukisia kwa midomo tu nani anaimba sauti ya juu na nani besi. Aliyewahi kusimama mbele ya kwaya yoyote ya kanisa atawatambua. Kwenye kinanda, mabomba yamechorwa kwa mpangilio wa kinanda kinachoweza kulia kweli, na vidole vimekaa juu ya vibonyezo.

Tahadhari moja. Altare hii imekuwa ikikarabatiwa kwa awamu tangu 2012, na awamu ya tatu, inayohusu safu hiyo hiyo ya juu, ilianza 2023. Kazi inafanyika katika makumbusho ya sanaa ya MSK, kwa hiyo kabla hujafunga safari uliza ni paneli zipi ziko kanisani na zipi ziko kwa mafundi. Ukikuta pengo, usivunjike moyo: paneli za safu ya chini, pamoja na Mwanakondoo aliyerudishiwa uso wake wa asili wenye macho kama ya binadamu, zimeshakamilika. Paneli ya Mahakimu Waadilifu ni nakala. Ile ya asili iliibwa Aprili 1934 na haijapatikana mpaka leo. Katika Vita Kuu ya Pili altare hii na sanamu ya Michelangelo ya Brugge zote mbili zilichukuliwa na Wanazi, na zote zikapatikana mwaka 1945 katika mgodi mmoja wa chumvi, Altaussee nchini Austria.

Kwenye sanaa ya sasa mambo yanageuka. Gent ina SMAK, makumbusho ya sanaa ya kisasa yanayotazamana na MSK ndani ya Citadelpark. Mwanzilishi wake, Jan Hoet, ndiye aliyewashangaza watu mwaka 1986 kwa kuziweka kazi za wasanii ndani ya nyumba za wakazi wa mji, wageni wakibisha hodi sebuleni kwa watu kutazama sanaa. Brugge inajitahidi kwa maonyesho makubwa kandokando ya mifereji kila baada ya miaka mitatu, na nje ya msimu huo haina la kushindana nayo.

Ukumbini

Hapa ndipo wanaoidharau Brugge hukosea. Mwaka 2002, Brugge ilipokuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya pamoja na Salamanca, ilifunguliwa Concertgebouw kwenye uwanja wa 't Zand, jengo jekundu la vigae vya udongo wa kuchoma, rangi ya mapaa ya mji wenyewe. Ukumbi mkubwa unachukua watu wapatao 1,300 na sauti yake ni safi kiasi kwamba hata fidla moja inayopigwa polepole inafika safu ya nyuma ikiwa nzima. Kwa okestra kubwa, kati ya kumbi za miji hii miwili, ningechagua huu bila kusita. Ukumbi wake mdogo nao ni wa aina yake: viti vinapanda kuzunguka kuta, kila ghorofa safu moja tu, na wewe unamtazama mpigaji kwa chini kama aliye kisimani. Okestra ya Anima Eterna, inayopiga kazi za zamani kwa vyombo vya zama zake, ina makao yake humo. Mchana jengo liko wazi kwa wageni, na juu kuna baraza ya kuuona mji.

Kisha kuna muziki wa kale, na hapa Brugge haina mpinzani Flandria. Tamasha la MA (Musica Antiqua, yaani muziki wa kale), lililoanza miaka ya 1960, hufanyika kila Agosti pamoja na mashindano ya wapigaji vijana wa vyombo vya kale. Wengi wa wanaosikika leo kwenye kumbi kubwa walipita mbele ya majaji wa Brugge. Januari huwa zamu ya Bach, na la kuchekesha ni kwamba nguzo ya wiki hiyo ni kwaya ya Collegium Vocale Gent. Kwaya hiyo iliundwa mwaka 1970 na Philippe Herreweghe na wanafunzi wenzake wa chuo kikuu cha Gent, yeye akisomea udaktari, na sasa mtu wa Gent anapanda treni kwenda Brugge kuisikiliza.

Gent inajibu kwa De Bijloke. Hii ilikuwa wodi ya hospitali ya karne ya 13, ndefu, yenye paa la mbao za mwaloni lililopinda juu kama jahazi lililopinduliwa. Walipolazwa wagonjwa sasa hukaa wasikilizaji. Anayeijua Ngome Kongwe ya Unguja wakati wa Sauti za Busara ataelewa haraka kuta za zamani zinavyoweza kumfanya mtu akae kimya kabla hata noti ya kwanza haijapigwa. Humo husikika muziki wa vyumbani, okestra, muziki wa leo, na Julai viwanja vyake vinakuwa vya tamasha la Gent Jazz. Katika uwanja wa Kouter kuna Ha Concerts, ambako ratiba inachanganya jazi, nyimbo za asili na muziki wa mabara mengine. Karibu hapo liko jengo la opera la mwaka 1840. Opera na baleti ya Flandria ina nyumba mbili, Gent na Antwerpen. Brugge haina kundi la opera la kwake.

Usiku, mitaani na jukwaani

Sehemu hii haihitaji maneno mengi kuhusu Brugge. Ina Cactus, kituo cha muziki wa bendi chenye ratiba nzuri, na tamasha la Cactus la siku tatu mwezi Julai katika bustani ya Minnewater, miti na maji pande zote, umati wa kiasi, familia zimekaa majanini. Ni tamu. Likiisha, umekwisha usiku wa Brugge.

Gent imo katika orodha ya UNESCO ya miji bunifu ya muziki tangu 2009, na safari hii cheo kimemkuta mwenyewe. Jengo la kulijua ni De Vooruit, lililojengwa kati ya 1911 na 1914 na ushirika wa wafanyakazi wa kisoshalisti waliotaka wenzao wa viwandani wawe na kumbi za ngoma, tamthilia, muziki na chakula kama matajiri. Tangu 1982 ni kituo cha sanaa. Siku hizi kituo hicho kinaitwa VIERNULVIER, baada ya chama cha siasa kujichukulia jina la Vooruit mwaka 2021, lakini ukimwuliza mtu njia, tumia jina la zamani. Mkahawa wake wa chini ni mahali pa kukaa na kikombe kimoja cha kahawa ukisoma mabango ya wiki nzima. Huu ndio mji wa ndugu Dewaele wa bendi ya Soulwax, na wa R&S, lebo iliyosambaza muziki wa tekno Ulaya tangu miaka ya 1980.

Jukwaani tofauti ni kubwa zaidi. Alain Platel alianzisha kundi lake la dansi mjini Gent mwaka 1984 akiwa hajasomea dansi. Alikuwa mtaalamu wa kusaidia watoto wenye ulemavu. Mwaka 2014 yeye na mpigaji saksafoni Fabrizio Cassol walitoa Coup Fatal, ambamo Serge Kakudji, mwimbaji wa Kikongo mwenye sauti ya juu ya kiume, anaimba muziki wa baroko, ule wa Ulaya ya karne ya 17 na 18, akizungukwa na wanamuziki wa Kinshasa wenye likembe, magitaa na marimba. Ukipenda rumba na ukadhani Händel si wako, anzia hapo. Nyumba ya tamthilia ya NTGent nayo iliongozwa kuanzia 2018 na Milo Rau, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameitisha baraza la mashahidi mjini Bukavu kuhusu vita na madini ya mashariki ya Kongo. Alipofika Gent alibandika masharti hadharani: kila onyesho lisikike katika lugha zisizopungua mbili, na angalau waigizaji wawili wasiwe wa kitaaluma. Kwa asiyejua Kiholanzi haya ni habari njema, ila hakikisha tafsiri za maandishi juu ya jukwaa zipo kabla hujalipa. Dansi haina shida hiyo.

Kisha kuna Gentse Feesten, siku kumi za Julai. Asili yake ni mwaka 1843, ila sura ya leo inatokana na mwaka 1969, pale mwimbaji na mchongaji Walter De Buck na wenzake walipoifufua kwenye uwanja wa Sint-Jacobs. Majukwaa yanajaa viwanja vyote vya katikati ya mji na muziki wa nje ni bure: bendi za shaba, nyimbo za lahaja ya Gent, roki, vikaragosi, sarakasi. Vlasmarkt hukesha mpaka jua lichomoze. Jumatatu inayofuata wenyeji wanaiita Siku ya Pochi Tupu, na hawatanii. Ukitaka usingizi, siku hizo lala Brugge. Hoteli za Gent hupandisha bei na kelele hazina mlango.

Kengele

Miji yote miwili ina mnara wa kengele na kariloni, yaani seti ya kengele zinazopigwa na mtu mmoja aliyekaa mbele ya safu za vijiti, akivigonga kwa ngumi na kukanyaga vingine kwa miguu. Mnara wa Brugge una urefu wa mita 83 na kengele 47, nyingi zikiwa za fundi Joris Dumery wa karne ya 18. Juu unafika kwa ngazi 366, hakuna lifti, na kuna foleni. Mnara wa Gent una mita 91 na kengele 54, na una lifti ya kukuvusha sehemu kubwa ya safari. Mwenye magoti mabovu hana haja ya kujadili. Lakini muziki wenyewe ni wa walio chini, na ni bure. Tafuta siku na saa anayopiga mpigaji wa mji, si mashine, ukae ua wa mnara wa Brugge. Hapo Brugge inashinda, maana Gent tramu na watu hufunika nusu ya wimbo.

Basi uchague hivi

Ikiwa safari yako iko Agosti mwanzoni na unapenda muziki wa kale, au Januari na unampenda Bach, lala Brugge na Gent uiendee mchana kwa ajili ya Mwanakondoo. Vivyo hivyo ikiwa jina fulani unalolisubiri liko kwenye ratiba ya Concertgebouw. Ukumbi huo uko mwendo wa dakika kumi tu kwa miguu kutoka stesheni. Anayesafiri na wazazi wazee wanaotaka michoro, chakula na utulivu, naye Brugge itamfaa.

Nyakati nyingine zote, kuanzia Septemba msimu unapofunguliwa hadi Juni, lala Gent. Oktoba ina sababu ya ziada: tamasha la filamu la Gent, lililoanza 1974, linaupa muziki wa sinema nafasi kubwa kuliko mengi ya aina yake, na hutoa tuzo za muziki huo kila mwaka. Stesheni ya Gent-Sint-Pieters iko mbali na mji wa kale, panda tramu. Siku yako ya Brugge ianze mapema: Groeninge milango inapofunguliwa, Sint-Jan baadaye, na kanisa la Michelangelo mchana makundi yanapokwenda kula. Siku za kufunga makumbusho zinatofautiana, hata ndani ya mji mmoja, kwa hiyo zitazame kabla ya kupanga. Tiketi ya kuiona altare ya Gent huuzwa kwa saa maalumu na wikendi hujaa. Inunue siku ile ile unayonunua ya tamasha, na uchague saa za asubuhi.